Orodha ya Jeshi ya Hart: ni nini, na mstari wake mmoja unasomwaje

Orodha ya Jeshi ya Hart ni kitabu cha marejeo kilichotaja maofisa wa jeshi la Uingereza: majina yao, vyeo, tarehe za kupanda vyeo, vita walivyopigana na majeraha waliyopata. Kilianza kutoka mwaka 1839 na kikaendelea hadi 1915. Humo wamo maofisa tu. Anayemtafuta koplo au askari wa kawaida asipoteze muda wake.

Jina ni la Henry George Hart, aliyezaliwa 1808. Aliingia rejimenti ya 49 ya askari wa miguu mwaka 1829 kwa cheo cha chini kabisa cha uofisa, ensaini, ambacho leo tungekiita luteni usu. Akawa luteni 1832, na kapteni 1842. Yaani miaka 13 kutoka ensaini hadi kapteni, na kitabu alikianzisha akiwa bado luteni, mtu asiye na ofisi wala wasaidizi wa wizara. Alifariki Biarritz, Ufaransa, mwaka 1878, akiwa luteni jenerali.

Orodha rasmi ya serikali ilikuwepo tangu zamani: ya kila mwaka tangu 1754, na ya kila mwezi tangu 1798. Kasoro yake ni kwamba ilikuambia fulani ni kapteni tangu tarehe fulani, basi. Aliyetoboka kwa risasi Hispania na aliyekaa kambini akicheza karata walionekana sawasawa. Ikumbukwe kwamba wengi waliopigana na Napoleon huko Hispania na Ureno hawakuwa na hata medali ya kuonyesha. Medali ya jumla ya vita vile iliidhinishwa 1847 tu, na ikabidi waliobaki hai waiombe wenyewe. Hart alianza kuwawekea alama miaka minane kabla. Kitabu kikapendwa upesi, na mbali na toleo la kila robo mwaka likaja toleo nene la kila mwaka kuanzia 1840, likichapwa London na John Murray.

Sasa tufungue ukurasa. Kila rejimenti ina sehemu yake. Juu kabisa yuko kanali wa rejimenti, ambaye kwa kawaida ni jenerali mzee aliyepewa heshima hiyo. Usidhani ndiye aliyekuwa akiongoza askari uwanjani. Mwenye kazi hiyo ni luteni kanali aliye chini yake. Wanafuata mameja, makapteni, maluteni na maensaini, na ndani ya kila cheo wamepangwa kwa tarehe. Mpangilio huo ni foleni hasa: wa kwanza kati ya maluteni ndiye anayesubiri nafasi ya ukapteni. Mwishoni pametajwa rangi ya kola na mikono ya koti, na wakala aliyeshika fedha za rejimenti.

Kwenye mstari wa ofisa, kabla ya jina huenda ukakuta P, maana yake alipigana Hispania na Ureno, au W, alikuwepo Waterloo, vita vya 1815 vilivyommaliza Napoleon. Kando kuna safu mbili za miaka ya utumishi: mshahara kamili na nusu mshahara. Nusu mshahara haikuwa adhabu. Ni malipo ya ofisa asiye na nafasi, labda rejimenti yake imevunjwa au afya imemwangusha. Kisha zinakuja tarehe za vyeo, moja kwa kila cheo.

Hapo ndipo herufi p ndogo inapotokea mbele ya baadhi ya tarehe. Maana yake: cheo kilinunuliwa. Bei rasmi kwa askari wa miguu ilikuwa pauni 450 kwa ensaini, 700 kwa luteni, 1,800 kwa kapteni, 3,200 kwa meja na 4,500 kwa luteni kanali. Mtu alilipa tofauti, kwa hiyo luteni aliyetaka ukapteni alitafuta pauni 1,100, na chini ya meza mara nyingi zaidi ya hapo. Tarehe isiyo na p inaonyesha alipata bure, pengine kwa sababu aliyemtangulia alikufa. Lakini usiitafute p kwa maofisa wa mizinga na wahandisi; kwao vyeo havikuuzwa kamwe. Na baada ya 1871 biashara hiyo ilifutwa kote.

Nambari ndogo kando ya jina inakupeleka chini ya ukurasa, kwenye maelezo ya vita. Hiki ndicho kiini cha kazi ya Hart, na ndicho cha kusomwa kwa tahadhari zaidi, maana habari nyingi zilitoka kwa maofisa wenyewe. Anayejisifu aliandika marefu, mnyenyekevu akanyamaza. Ukimya si ushahidi kwamba hakupigana.

Mitego mingine inanasa hata wazoefu. Mwaka umeandikwa kwa tarakimu mbili: katika toleo la 1840, "95" kwa jenerali mzee ni 1795. Breveti ni cheo cha jeshi, si cha rejimenti, hivyo kapteni mwenye breveti ya meja hufanya kazi ya kapteni ndani ya rejimenti yake, ila rejimenti zikikusanyika anahesabiwa meja. Mwaka 1881 rejimenti za miguu zilipoteza namba na kupewa majina. Ile ya 49 iliunganishwa na ya 66 na kuitwa ya Berkshire, kwa hiyo ukiitafuta kwa namba katika toleo la 1885 utatoka mikono mitupu.

Wasomaji wa Afrika Mashariki huwa na maswali mawili. La kwanza ni Burton na Speke, wapelelezi Waingereza waliotoka pwani mwaka 1857 wakafika Ziwa Tanganyika mwaka uliofuata. Wote walikuwa maofisa, lakini wa Kampuni ya India ya Mashariki, mmoja jeshi la Bombay na mwingine la Bengal. Jeshi la Kampuni lilikuwa na orodha zake, na huko ndiko pa kuanzia. La pili ni Keya (King's African Rifles), jeshi la Waingereza Afrika Mashariki lililoundwa 1902. Maofisa Waingereza waliokuwemo walikuwa wa kuazimwa. Kila mmoja alibaki mtu wa rejimenti yake ya Uingereza, basi anza na faharasa ya majina mwishoni mwa kitabu, uone kwao ni wapi. Askari wa Keya wenyewe, waliokuwa wengi mno kuliko maofisa hao, hawamo kwenye kurasa hizo.