Je, wajua kwa nini kosa la filamu huushinda ukweli wa kitabu?

Tuseme darasa moja mjini Iringa limesoma vizuri habari za Lugalo, 17 Agosti 1891, siku Wahehe wa Mtwa (yaani mtawala) Mkwawa walipokiteketeza kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski. Kesho yake wanaangalia filamu ya pambano lilelile. Ukija mtihani, wengi watajibu walichokiona kwenye skrini, na watakuapia kwamba wamekisoma kitabuni.

Si uzembe. Kichwa hushika picha kwa wepesi kuliko aya, ila husahau haraka picha ilitoka wapi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walichapisha jaribio la namna hiyo. Filamu ilipokubaliana na maandishi, wanafunzi walikumbuka zaidi; ilipopingana nayo, mara nyingi walibeba kosa la filamu. Kuwaambia kwa jumla kwamba filamu hukosea hakukusaidia. Kilichosaidia ni kutajiwa kosa lenyewe.

Makosa hayalingani uzito. Askari wa 1891 akivaa kofia ya chuma, amekosea miaka 25, maana jeshi la Ujerumani lilianza kuivaa 1916. Misonobari ya shamba la miti la Sao Hill ikionekana nyuma ya wapiganaji, hiyo nayo ilipandwa karne ya 20. Haya tucheke, tuendelee.

Bunduki ndiyo inayoharibu. Askari wa Zelewski walibeba Mauser ya mwaka 1871: unapiga risasi moja, unafungua, unapachika nyingine, huku baruti ikitoa wingu la moshi mbele ya macho yako. Msafara ulikuwa umejinyoosha njiani kama kamba. Wahehe walichomoka vichakani wakiwa karibu mno, na askari wengi hawakuwahi kupiga zaidi ya risasi moja au mbili kabla mikuki haijafika. Sasa mtengenezaji filamu akiwapa bunduki za kumimina risasi bila moshi, mtazamaji atauelewaje ushindi ule? Atabaki na uchawi, au watu wasioogopa kufa. Uvamizi uliopangwa kwa hesabu ya umbali na muda, ambao ndio ulioshinda, haupo tena.

Kosa jingine ni kujaza wazungu peke yao upande wa Zelewski. Wajerumani walikuwa wachache sana. Mamia waliobaki walikuwa Wasudani waliosajiliwa Misri, na watu wa Msumbiji waliokuwa wakiitwa Wazulu. Ukiwaondoa, huwezi kueleza ukoloni ulivyopata mikono ya kufanyia kazi.

Halafu muda. Lugalo ni 1891, ngome ya Mkwawa ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, Mkwawa alijiua Mlambalasi Julai 1898. Saa mbili za filamu huifanya miaka saba kuwa kama wiki tatu. Miaka karibu minne ya kuviziana porini inapotea, na zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake inaonekana kama kioja.

Mwalimu aiangalie filamu peke yake kwanza, achague makosa matatu au manne mazito, aandike ubaoni kila kosa na ukweli wake kando yake. Tukio likifika, asimamishe filamu hapohapo: "Hizi mnazoona zinamimina risasi, za Lugalo zilipiga moja moja." Kisha aendelee.