Ukitaka .22 ya kupigia shabaha, bakiza pesa ya risasi

Kila theluji inapoanza kuyeyuka hapa Minnesota, simu yangu hujaa swali lile lile: "Mwalimu, ninunue .22 gani?" Yaani bunduki ya risasi ndogo, yenye upana wa inchi 0.22 hivi. Anayeuliza mara nyingi ameshaona picha ya bunduki fulani na ameshaipenda. Mimi humrudishia maswali. Utapiga nini, makopo au karatasi? Umbali gani? Nani mwingine nyumbani ataitumia? Na una shilingi ngapi, kwa maana ya dola, ukijumlisha kila kitu? Hilo la mwisho ndilo linalowakwaza wengi, kwa sababu wanahesabu bei ya bunduki peke yake.

Tuanze na karatasi za kisheria, maana huku Marekani kosa la karatasi linaweza kukuharibia maisha. Kwa sheria ya shirikisho, duka lenye leseni haliruhusiwi kukuuzia bunduki ndefu kama hujatimiza miaka 18. Utajaza Fomu 4473, ile ya serikali kwa wanunuzi wa bunduki, na jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa rekodi zako. Mwenye green card anaruhusiwa, kama hana pingamizi lingine la kisheria. Mwenye visa ya muda, mwanafunzi wa F-1 kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala hata kukodi bunduki kwenye uwanja wa shabaha, isipokuwa aingie kwenye misamaha michache iliyoandikwa, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Majimbo nayo yana yao. Illinois, mathalani, wanataka kadi ya FOID, kibali cha jimbo cha kumiliki bunduki, kabla hujagusa kitu. Hali yako ya uhamiaji ikiwa na utata, usiulize kwenye grupu la WhatsApp. Muulize mwanasheria.

Sasa bunduki yenyewe. Okota ganda la .22 lililokwisha kupigwa, uligeuze utazame kitako chake. Hutaona kile kiduara cha katikati kilichopo kwenye risasi kubwa. Utaona jeraha dogo pembeni, kwenye ukingo, pale pini ilipogonga. Dawa ya kulipukia imesambazwa ndani ya ukingo huo, ndiyo maana bunduki hizi zinaitwa rimfaya. Ili ukingo upondeke na kuwasha, sharti shaba yake iwe nyembamba, na shaba nyembamba haihimili shinikizo kubwa. Kikomo cha .22 LR (Long Rifle, risasi ya .22 ya kawaida) ni psi 24,000, yaani pauni kwa inchi ya mraba, wakati .223, risasi ya bunduki kubwa, inafika 55,000. Kutokana na wembamba huo unapata mambo matatu unayoyataka: teke dogo, kelele ndogo, bei ndogo. Unapata na moja usilolitaka: ganda likishapondwa halijazwi tena. Wenye bunduki kubwa wanaweza kujipikia risasi zao nyumbani mpaka zikubaliane na mtutu. Wewe wa .22 unakula kilichopikwa kiwandani.

Risasi hii ya .22 LR ni ya mwaka 1887, na umbo lake halijabadilika sana: kichwa cha madini laini ya risasi cha gramu 2.6 hivi, kimepakwa nta au mafuta kwa nje. Zipo ndugu zake, .22 WMR ya mwaka 1959 na .17 HMR ya mwaka 2002. Zina mbio zaidi na zinafika mbali zaidi, lakini kila risasi inakugharimu mara kadhaa. Kwa burudani ya Jumamosi chukua LR, na hapo sina mjadala. Na usithubutu kutia LR kwenye bunduki ya WMR eti kwa kuwa zote zinaitwa .22. Chemba yake, yaani tundu inamokaa risasi, ni pana zaidi, ganda linaweza kupasuka.

Aina ya mtambo ndiyo watu wanayobishania zaidi. Ruger 10/22 iko sokoni tangu 1964, inajipakia yenyewe kila ukifyatua, na magazini yake ya mviringo ya risasi 10 inazama ndani ya mwili wa bunduki bila kuning'inia. Vipuri vyake vimejaa kila kona. Kama nyumba yenu ni ya kupiga makopo na kucheka, inunueni, mtaipenda. Lakini mwanafunzi anayeanza nayo huwa namwona anavyofanya: risasi ya kwanza anailenga, tisa zinazofuata anazimwaga. Bolti, yaani bunduki unayoipakia kwa mkono kila risasi, inakulazimisha kupumua. Unafungua, ganda linaruka, unasukuma, unafunga, unalenga upya. Kwa anayetaka kujifunza kupiga, si kupiga tu, ninapendekeza bolti kila mara.

Kwenye bolti, CZ 457 ya Jamhuri ya Cheki ndiyo ninayowatajia wengi. Triga yake inarekebishika, mkono wa bolti unanyanyuka nyuzi 60 tu kwa hiyo haugongani na darubini, na mtutu unabadilishika. Tikka T1x ya Finland ni laini kama siagi. Mfuko ukiwa mwepesi, Savage Mark II na Ruger American Rimfire zinapiga vizuri kuliko bei yake inavyoonyesha, na Savage wana za mkono wa kushoto. Henry za mkono wa kukunjua, zile za sinema za kauboi, watoto wanazigombania. Si za kutafutia alama, ila sijaona aliyeijutia.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi ni mwili wako. Nikiwa na mtu dukani, kwanza ninahakikisha bunduki ni tupu na imeelekea upande salama. Kisha ninamwambia afumbe macho, aipandishe begani kama inavyomjia, aegemeze shavu, ndipo afumbue. Akijikuta anasogeza kichwa mbele na nyuma kuitafuta picha kwenye darubini, bunduki hiyo si saizi yake. Vitako vingi vimekatwa kwa mwanamume wa kimo cha wastani, takriban sentimita 34 kutoka triga hadi begani. Dada mfupi anahangaika nacho, anajikunja mgongo nyuma ili kusawazisha uzito. Ongeza koti la baridi na kitako kinazidi kuwa kirefu, kwa hiyo nenda dukani na koti utakalolivaa uwanjani. CZ 457 Scout na Ruger ya Compact zimefupishwa kwa ajili hiyo, na si za watoto peke yao.

Hapo hapo dukani omba ruhusa kabla ya kujaribu triga ikiwa tupu. Kwenye baadhi ya rimfaya, pini isipokuta ganda inagonga ukingo wa chemba na kuuumiza. Ukikubaliwa, vuta polepole: unataka triga isiyokokota wala kusita, ikatike ghafla. Urefu wa mtutu usikuumize kichwa. Baruti ya .22 inamaliza kazi yake kwenye sentimita 40 hivi. Mtutu mrefu zaidi ni suala la uzito na mizani mkononi, hauongezi mbio za maana.

Darubini ya bunduki kubwa usiihamishie kwenye .22 bila kuangalia. Nyingi zimepangwa kwa yadi 100 au zaidi. Ukiwa yadi 50 unasogeza jicho kidogo tu, na msalaba wa kulengea unatembea juu ya karatasi wakati bunduki haijatikisika. Tafuta iliyopangwa kwa yadi 50 au yenye kirekebisho cha umbali. Na kama ni CZ, angalia vishikio vya darubini: modeli zake nyingi zina reli nyembamba ya milimita 11, si ile pana ya Picatinny. Kila mwaka kuna mtu anarudi nyumbani na vishikio visivyoingia.

Usidharau risasi hii kwa udogo wake. Inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na inaruka vibaya ikigonga maji, jiwe au barafu. Nasema barafu kwa sababu kuna wanaopanga makopo juu ya ziwa lililoganda. Tafuta kilima cha udongo nyuma ya shabaha. Vaa miwani na kinga ya masikio, na ukimaliza nawa mikono kabla ya kula, maana mikono imeshika madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Sasa zile pesa nilizosema ubakize. Mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja, modeli moja, inaweza kupenda risasi tofauti kabisa, na hakuna ajuaye mpaka ajaribu. Nunua visanduku vya aina tano au sita: CCI Standard Velocity, SK Standard Plus, Federal, hata Eley ya bei ghali kisanduku kimoja tu ili uone kikomo cha bunduki yako. Nyingi kati ya hizo ziwe za mwendo wa kawaida, yaani mita 325 kwa sekunde hivi, chini ya kasi ya sauti. Watu hukimbilia zenye mbio kubwa wakidhani hazitayumbishwa na upepo, kumbe ni kinyume. Risasi ya .22 inayotoka juu ya kasi ya sauti hupoteza mwendo haraka mno inapokata hewa, na upepo wa ubavuni unaisukuma zaidi kuliko ile ya polepole. Ubaya wa ile ya polepole ni kushuka: ukiipanga yadi 50, kwenye yadi 100 itakuwa chini kwa sentimita 15 hadi 18. Hilo unalijua mapema, unalirekebisha kwa kuzungusha darubini. Upepo haukuambii kitu.

Jaribu siku tulivu, bunduki ikiwa imelala juu ya mfuko wa mchanga, yadi 50. Kila ukibadilisha aina piga risasi kumi za kuzoesha mtutu kwanza, kwa kuwa nta ya aina iliyopita bado imo ndani, kisha piga makundi manne ya risasi tano na upime upana wa kila kundi. Usichague kundi zuri moja ukalipiga picha. Utakuta aina moja inatawanyika kama mahindi yaliyomwagika na nyingine inatoboa tundu juu ya tundu, na ya pili hiyo si lazima iwe ya bei kubwa. Ukishaipata, soma namba ya toleo iliyopigwa kwenye kisanduku na urudi dukani mapema ununue za namba hiyo hiyo nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Toleo lijalo linaweza kuwa na jina lile lile na kupiga kwingine.