Maana ya "wash up": kuosha vyombo, kunawa au kutupwa ufukweni?

Kiswahili kina kitenzi chake karibu kwa kila usafi wa maji: tunaosha vyombo, tunafua nguo, tunanawa mikono, tunaoga, tunapiga deki sakafu. Kiingereza hukibebesha kitenzi kimoja, "wash", sehemu kubwa ya kazi hiyo, kisha hukiongezea neno dogo la kuelekeza maana. Ndiyo sababu mwanafunzi anayejua vizuri "wash", na anayejua kwamba "up" ni juu, bado hukwama akikutana na "wash up", kwa kuwa maneno hayo yakikaa pamoja hayazungumzii juu wala chini.

Nchini Uingereza, "wash up" ni kuosha vyombo. Mwenyeji asemapo "I'll wash up" baada ya chakula cha jioni, anakusudia sinki lililojaa sahani zilizogandiwa na mchuzi na sufuria yenye ukoko. Hata sabuni ya maji ya kazi hiyo huitwa "washing-up liquid". Nchini Marekani mambo ni mengine: mzazi akiwaambia watoto "go wash up" huku chakula kinapakuliwa, anawataka wakanawe mikono na uso, na vyombo havimo kabisa katika agizo hilo, kwani Mmarekani akitaka kuvitaja husema "do the dishes". Tofauti hii, kwa maoni yangu, ndiyo ya kushikwa kwanza, maana kosa lake hujificha: tafsiri inasomeka sawasawa kisarufi, kumbe mtu amepelekwa jikoni badala ya bafuni. Mfasiri na aangalie kama watu wameshakula au bado.

Katika maana ya vyombo, yambwa (yaani kitu kinachooshwa) ikiwa nomino huweza kukaa kati au mwisho ("wash the plates up", "wash up the plates"), lakini kiwakilishi lazima kikae kati: "wash them up". Maana ya kunawa haina yambwa.

Bahari nayo ina "wash up" yake. Juni 2016 kipande cha bawa kilipatikana kisiwani Pemba, na baadaye kikathibitishwa kuwa cha ndege ya Malaysia Airlines, MH370, iliyotoweka Machi 2014. Kwa Kiingereza husemwa kwamba kipande hicho "washed up on Pemba". Kwa Kiswahili, kilitupwa ufukweni na mawimbi. Hapa hakuna anayesafisha kitu.

Imebaki "washed-up", sifa ya mtu ambaye enzi zake zimepita. Kiswahili kina neno linaloifaa vizuri ajabu, nalo limetoka kwenye beseni la kufulia: kitenge kikifuliwa mara nyingi rangi huchuja, na msanii aliyeishiwa mvuto naye husemwa amechuja. Kwa hiyo "a washed-up boxer" si bondia aliyeoshwa, wala aliyeokotwa ufukweni, bali ni bondia aliyechuja.