Lojistiki si malori

Nimesikia tena, kwa mara ambayo siwezi kuihesabu, mtu akieleza kwamba jeshi la Napoleon liliangamia Urusi mwaka 1812 kwa sababu ya lojistiki, na alipoulizwa ana maana gani akajibu: hawakuwa na magari ya kutosha. Neno hili tumelibana mno. Siku hizi mtu akisema lojistiki, anafikiria lori, meli, au nauli ya kwenda mkutanoni.

Maana yenyewe si ngumu. Lojistiki ni kazi yote ya kuhakikisha askari anapata anachohitaji, pale alipo, kabla hajachelewa kukitumia: chakula, maji, risasi, dawa, mahali pa kulala, na njia ya kumrudisha nyuma akijeruhiwa. Usafirishaji ni kiungo kimoja tu ndani ya mwili huo.

Wengi hudai kwamba neno limetoka moja kwa moja kwenye Kigiriki, lugha ambayo ina neno linalofanana nalo lenye maana ya kupiga hesabu. Ni kweli Athens ya kale ilikuwa na maofisa walioitwa logistai, wakaguzi wa hesabu za viongozi. Lakini neno la kijeshi tumelipata kupitia Kifaransa. Antoine-Henri Jomini, mzaliwa wa Uswisi aliyetumika katika jeshi la Napoleon kisha akahamia la Urusi, alilipa nafasi yake katika kitabu chake cha sanaa ya vita cha mwaka 1838. Yeye mwenyewe alilihusisha na cheo cha maofisa wa zamani walioitwa wa logis, yaani wa malazi. Kazi yao ilikuwa kuwatafutia askari pa kulala, kupanga kambi na kuongoza misafara. Kwa hiyo tangu mwanzo swali halikuwa gurudumu. Swali lilikuwa mtu huyu aliyetembea kutwa atalala wapi na ataamka na nini.

Kiswahili kina neno ambalo naliona bora kuliko hilo la mkopo: ugavi. Limetoka kwenye kugawa, kama ulevi ulivyotoka kwenye kulewa. Jicho lake liko mwisho wa njia, kwenye mkono unaopokea. Shehena ikifika bandarini imesafirishwa, lakini haijagawiwa. Hapo ndipo watu wengi hunipotea, na hapo ndipo majeshi mengi yamekufa.

Chukua vita vya Krimea, ambako Waingereza na washirika wao walipigana na Warusi, majira ya baridi ya 1854 kuingia 1855. Meli za Waingereza zilivuka bahari nzima hadi bandari ndogo ya Balaklava. Kambi ya askari waliouzingira mji wa Sevastopol ilikuwa kilomita chache tu juu ya bandari hiyo. Njia ikageuka tope. Wanyama wa kuvuta mizigo wakafa njaa na baridi, kwa kuwa malisho yao hayakuandaliwa. Bidhaa zikalundikana na kuoza gatini huku watu wakifa kwa baridi na maradhi mahali ambapo mtu mzima angefika kwa miguu kabla ya saa sita mchana. Kahawa waliyopewa ilikuwa mbichi, haijakaangwa, na kuni za kuikaangia hawakuwa nazo. Reli iliyojengwa mapema 1855 ilisaidia sana, hilo nalikubali. Lakini kahawa mbichi hata kwa reli ingefika ikiwa mbichi vilevile.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalisonga kusini kuyafuata ya Wajerumani yaliyoongozwa na Lettow-Vorbeck. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, mvua zikayakwamisha magari, mzigo wote ukaangukia vichwa vya wapagazi. Sasa piga hesabu. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo 1 kwa siku. Mpeleke mwendo wa siku kumi kisha arudi: amekula kilo 20, ameacha 5. Mpeleke siku kumi na tatu, naye atarudi na njaa bila kumwachia askari hata kibaba. Ongeza wapagazi elfu moja, umeongeza midomo elfu moja, na umbali haujasogea hata hatua. Kinachosaidia ni maghala njiani, zamu za kupokezana, na chakula kinachopatikana huko mbele. Hiki cha mwisho mara nyingi kilimaanisha kuchukua akiba ya wanavijiji, nao wakabaki na njaa.

Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hutajwa kuwa zaidi ya 95,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, uchovu, na unga wa mahindi ulioliwa haujaiva kwa sababu sufuria, kuni na muda wa kupikia havikuwemo kwenye mpango. Miongoni mwao walikuwamo waliozoea ndizi, ambao matumbo yao hayakuujua unga huo. Unga uliwafikia. Kusema kwamba walikosa usafiri ni kuwakosea, maana usafiri ulikuwa wao wenyewe, na hakuna aliyepanga sawasawa jinsi ya kuulisha. Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi chao, Carrier Corps, kama kilivyotamkwa na watu.

Sasa nirudi kwa yule aliyenianzishia haya. Napoleon alikuwa na magari ya farasi kwa maelfu, na maghala yaliyojaa akiba katika miji ya Danzig na Königsberg. Aliahirisha hata uvamizi hadi Juni ili farasi wakute majani yameota njiani. Lakini askari walitembea kwa kasi ambayo magari mazito hayakuiweza, mvua ikaharibu barabara, na farasi waliolishwa nafaka mbichi wakafa kwa maelfu katika wiki za kwanza tu, theluji ikiwa bado mbali. Kila gari ambalo angeongeza lingedai farasi wengine, na farasi hao malisho mengine. Ndugu yangu, ukiisimulia tena habari hiyo, liache neno lojistiki mahali pake, maana hapo hukukosea. Ondoa tu yale magari, na mahali pake uweke malisho.