Kidole cha Zalzal: Udi na Elimu ya Muziki Baghdad

Katika Baghdad ya Bani Abbas aliishi mpiga udi aitwaye Mansur Zalzal, wa mwishoni mwa karne ya 8, ambaye alama yake katika muziki wa Kiarabu ni mahali padogo tu pa kuweka kidole. Udi wa zama zake ulikuwa na nyuzi nne, na sehemu za kubonyeza zilitajwa kwa vidole: cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho. Zalzal alikihamisha kile cha kati, akapata sauti ambayo katika piano haimo, kwa kuwa ingekaa baina ya vibonye viwili. Al-Farabi, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 950, aliipima: uzi ukigawanywa sehemu 27, kidole huacha 22 zitetemeke.

Kipimo hicho kinaonyesha jinsi wasomi wale walivyouchukulia muziki. Kwa mpangilio waliourithi kwa Wagiriki, muziki ulihesabiwa miongoni mwa elimu za hisabati, pamoja na jometri na falaki. Al-Kindi, mwanafalsafa wa karne ya 9, alipendekeza uzi wa tano ili ngazi ya sauti ikamilike. Wanahistoria wa Andalusia nao humsimulia Ziryab, mwanamuziki aliyewasili huko mwaka 822, kuwa aliuongeza uzi huo katika udi wake. Kwa maoni yangu al-Farabi anawapita wote, kwani aliandika waziwazi kwamba nadharia hufuata vitendo, na akazipima sauti zilizokuwa zikipigwa kweli badala ya kuwalazimisha wapigaji wazifuate hesabu za vitabuni.

Wanazuoni wa sheria, kwa upande wao, walihitilafiana kuhusu uhalali wa ala na usikilizaji, na al-Ghazali aliutengea mjadala huo sehemu ya kazi yake kubwa. Hitilafu hiyo haikuizuia elimu yenyewe: Safi al-Din al-Urmawi, mwananadharia wa muziki aliyenusurika Wamongolia walipoiteka Baghdad mwaka 1258, aliigawa oktava, yaani masafa kutoka sauti moja hadi ile inayojirudia juu yake, katika hatua 17.

Zanzibar iliupokea urithi huu kupitia Misri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim akajifunze Cairo kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, na mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa. Shingo ya udi wa leo haina vigawanyo vya kuongoza vidole. Mwanafunzi hupatafuta mahali pa sauti kwa sikio, huku mwalimu akimsahihisha.