Bears, zamu ya kwanza na bei ya uhakika

Niondoe kwanza utata wa jina. Drafti ninayoizungumzia si ile inayochezwa kwa vizibo vya soda chini ya mwembe, ingawa mabingwa wa vizibo wangeelewa upesi kinachonivutia katika hii ya Marekani, kwa sababu nao wanajua kumwachia mpinzani kete moja ili wale mbili baadaye. Hii ni shughuli ya siku tatu mwezi Aprili, ambapo timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, hupokezana zamu kwa raundi saba zikichagua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote hupewa zamu ya kwanza, na bingwa husubiri hadi zamu ya 32. Hakuna ada ya uhamisho, wala kijana haulizwi anapenda kwenda wapi, jambo linalomshangaza yeyote aliyekulia kwenye habari za usajili wa Simba na Yanga. Lakini zamu zenyewe huuzwa na kununuliwa, na hapo ndipo ugomvi wa mashabiki unapoanzia.

Kazi yangu ni takwimu, na timu iliyoninasa tangu nihamie Illinois ni Chicago Bears. Kila mwaka husikiliza mashabiki wenzangu wakigawanyika: hawa wanataka tupande, yaani tulipe zamu kadhaa ili tuchague mapema, wale wanataka tushuke, yaani tuiuze zamu ya juu tupate nyingi za chini. Wengine hubishana iwapo tuzibe pengo lililopo kikosini au tumchukue mchezaji bora aliyebaki, awe wa nafasi yoyote. Kwa maoni yangu, mabishano hayo yote yana swali moja ndani yake ambalo halitajwi: tuna uhakika kiasi gani na macho yetu wenyewe, na tuko tayari kuulipia uhakika huo kiasi gani?

Tuanze na mwaka 2017, jeraha ambalo Chicago halijafunga. Bears ilikuwa na zamu ya tatu. Meneja mkuu wa wakati huo, Ryan Pace, aliipa San Francisco zamu hiyo ya tatu, zamu ya 67, zamu ya 111 na ya raundi ya tatu ya mwaka 2018, ili asogee hatua moja tu, hadi zamu ya pili. Huko alimchagua Mitchell Trubisky wa chuo kikuu cha North Carolina, acheze kwotabeki, ambaye ndiye mchezaji anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua aurushe, aukabidhi kwa mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Patrick Mahomes alichukuliwa na Kansas City kwa zamu ya 10, Deshaun Watson akaenda Houston kwa zamu ya 12. Mahomes ameshatwaa Super Bowl, yaani fainali ya NFL, mara tatu. Trubisky aliondoka Chicago baada ya misimu minne.

Mashabiki wengi husema Bears iliibiwa siku ile. Hapo sikubaliani nao. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 timu zimekuwa na jedwali la bei lililoanzia Dallas Cowboys enzi za kocha Jimmy Johnson. Katika jedwali hilo zamu ya kwanza ina pointi 3,000, ya pili 2,600, ya tatu 2,200, na bei huteremka hivyo hadi 590 kwa zamu ya 32. Jumlisha walichotoa Bears: 2,200 za zamu ya tatu, 255 za zamu ya 67 na 72 za zamu ya 111, unapata 2,527. Zamu ya pili ni 2,600. Pengo la pointi 73 lilizibwa na zamu ya mwaka uliofuata, ambayo kwa desturi hupunguzwa thamani kwa sababu ya kungojewa. Kwa kipimo cha soko, basi, Bears ililipa kidogo zaidi ya bei halali, si zaidi ya hapo.

Kosa lilikuwa la aina nyingine. Pace alinunua kinga dhidi ya mshindani ambaye pengine hakuwapo: San Francisco, ilipofika zamu ya tatu, ilimchukua Solomon Thomas, mchezaji wa safu ya ulinzi, wala haikugusa kwotabeki yeyote. Ni kweli kwamba timu nyingine ingeweza kuinunua nafasi ile ya pili, na kwa sababu hiyo simcheki mtu aliyeogopa. Lakini kulipa zamu tatu za ziada ili uvuke hatua moja ni tangazo kwamba unaamini Trubisky anamzidi Mahomes kwa kiwango kisicho na shaka, na imani ya namna hiyo haina msingi katika takwimu.

Wataalamu wawili, Cade Massey na Richard Thaler, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017 akiwa Chuo Kikuu cha Chicago, walilichunguza jambo hili katika utafiti ulioanza kusambazwa mwaka 2005. Waliwalinganisha wachezaji wa nafasi moja waliochaguliwa wakifuatana, wakauliza ni mara ngapi yule wa kwanza alikuja kuwa bora kuliko aliyemfuata. Jibu lilikuwa juu kidogo tu ya nusu. Weka pembeni makocha, video, vipimo vya mbio na mahojiano ya kila aina. Timu ikilazimika kuchagua kati ya walinzi wawili wanaofuatana kwenye orodha yake, haina tofauti kubwa na mtu anayerusha shilingi. Waligundua pia kwamba bei za jedwali huteremka kwa kasi kuliko ubora halisi wa wachezaji unavyoteremka. Kwa lugha ya sokoni, zamu za juu huuzwa ghali kuliko thamani yake, na mwenye busara ni muuzaji.

(Bears inapaswa kuwa ya mwisho kulisahau hilo. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika historia ya drafti, mwaka 1936, alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Philadelphia ilimchagua, ikaiuzia Bears haki zake, na George Halas, mmiliki na kocha wa Bears, akashindwa kuelewana naye kuhusu malipo. Berwanger hakucheza hata mchezo mmoja wa kulipwa. Mbuzi wa kwanza wa drafti aliuzwa akiwa kwenye gunia, na mnunuzi wa pili alikuwa sisi.)

Je, basi timu ishuke kila mara? Ningesema ndiyo, kama si kwotabeki. Sababu yake iko kwenye mikataba zaidi kuliko uwanjani. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza na St. Louis Rams, alisaini miaka sita kwa dola milioni 78, ambazo milioni 50 kati yake zilikuwa za uhakika, kabla hajacheza dakika moja ya ligi. Makubaliano mapya ya wachezaji na wamiliki ya mwaka 2011 yaliweka viwango: aliyechaguliwa husaini miaka minne kwa malipo yanayofuata zamu yake, na kwa wale wa raundi ya kwanza timu ina hiari ya kuongeza mwaka wa tano. Caleb Williams, wa kwanza mwaka 2024, alipata takriban dola milioni 39 kwa miaka yote minne. Mwaka huohuo Dak Prescott, kwotabeki wa Dallas, alisaini mkataba wa wastani wa milioni 60 kwa mwaka mmoja, na ukomo wa mishahara ya timu nzima ulikuwa milioni 255.4. Kwotabeki chipukizi anayeweza kazi, kwa hiyo, huiachia timu yake makumi ya mamilioni ya kununulia walinzi na wapokeaji, yaani wanaodaka mipira anayoirusha. Hakuna nafasi nyingine yenye faida inayokaribia hiyo.

Sasa twende Januari 2023. Bears ilikuwa imemaliza msimu na ushindi mara tatu na kushindwa mara 14. Siku ya mwisho, Houston, iliyokuwa ikielekea kupata zamu ya kwanza, iliifunga Indianapolis 32 kwa 31 katika dakika ya mwisho, na zamu hiyo ikatuangukia sisi. Kocha wa Houston alikuwa Lovie Smith, aliyewahi kuifikisha Bears kwenye Super Bowl, naye alifutwa kazi saa chache baadaye. Bila kukusudia, alituachia zawadi kubwa kuliko zote alizotupa alipokuwa wetu.

Mashabiki wakagawanyika. Tulikuwa na Justin Fields, kwotabeki aliyekuwa ametoka kukimbia yadi 1,143 katika msimu mmoja, na wengi waliona ni dhambi kumtafutia mrithi. Meneja mkuu mpya, Ryan Poles, aliiuza zamu ya kwanza. Mwezi Machi Carolina Panthers ilimpa zamu ya 9 na ya 61 za mwaka ule, ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, pamoja na mpokeaji DJ Moore. Kwa jedwali la Dallas, zamu zile mbili za papo hapo zina pointi 1,642, kwa hiyo karibu pointi 1,358 zilibaki kulipwa na Moore na zamu ambazo hakuna aliyejua zingeangukia wapi. Moore peke yake aliipatia timu yadi 1,364 kwa mipira aliyoidaka katika msimu wake wa kwanza Chicago.

Lazima hapa niseme jambo lisilowafurahisha wenzangu wanaomsifu Poles kama nabii. Nilipoikadiria zamu ya Carolina ya 2024, niliiweka katikati ya raundi, kama anavyopaswa kufanya mtu asiyejua. Carolina ilishinda mara mbili na kushindwa mara 15, ikawa ya mwisho ligi nzima, na zamu yake ikawa ya kwanza. Uamuzi wa kuuza ulikuwa mzuri. Malipo tuliyopata yaliuzidi uzuri huo kwa mbali, na ziada ile ni bahati. Tena kuna gharama ambayo hatupendi kuitaja: C.J. Stroud, aliyechukuliwa na Houston kwa zamu ya pili mwaka 2023, alikuwa chipukizi bora wa safu ya ushambuliaji mwaka uleule. Angeweza kuwa wetu.

Mjadala wa 2024 ulikuwa mkali kuliko wote niliowahi kuusikia. Waliomtetea Fields walikuwa na hoja ya kale: usiache mbachao kwa msala upitao. Ni hoja nzito, kwa sababu Williams alikuwa hajathibitishwa na Fields alikuwa kipenzi cha chumba cha wachezaji. Nilichojaribu kuwaeleza ni kwamba mbachao wenyewe ulikuwa karibu kupanda bei. Fields alikuwa anaingia mwaka wake wa nne na wa mwisho kwa malipo ya chipukizi, na uamuzi wa mwaka wa tano ulikuwa mlangoni. Kumbakiza kulimaanisha kuanza kumlipa kama nyota mtu ambaye hatukuwa na hakika kuwa ni nyota. Fields alipelekwa Pittsburgh kwa zamu ya raundi ya sita yenye masharti, bei iliyotuonyesha kwamba soko halikuwa na hakika hiyo pia.

Williams aliangushwa na wapinzani akiwa na mpira mkononi mara 68 katika msimu wake wa kwanza, na kuanzia hapo kilio cha mashabiki kikawa kimoja: walinzi wa mstari, walinzi wa mstari, yaani wale wanaomkinga kwotabeki. Nilikielewa kilio hicho, lakini sikukubali kwamba drafti ndiyo dawa yake. Pengo linalojulikana huzibwa kwa wachezaji wanaojulikana, na hao hupatikana Machi, dirisha la usajili linapofunguliwa. Ndivyo Bears ilivyofanya mwaka 2025: ilimleta Joe Thuney kutoka Kansas City na Jonah Jackson kutoka Los Angeles Rams kwa kubadilishana zamu, ikamsajili Drew Dalman aliyekuwa Atlanta. Ilipofika Aprili haikuwa mateka wa shida yake. Kwa zamu ya 10 ilimchagua Colston Loveland, ambaye nafasi yake tayari ilikuwa na Cole Kmet, na mlinzi wa mstari wa kwanza, Ozzy Trapilo, alingoja hadi zamu ya 56. Baadhi ya marafiki zangu hawajaniongelesha vizuri tangu nilipousifu uamuzi huo.

Kati ya hao wawili kulikuwa na zamu ya 39, ile ya mwisho iliyotoka Carolina, na Bears ikamchukua mpokeaji Luther Burden. Biashara ya Machi 2023 ilifungwa hapo. Ukiipanga kwenye karatasi, upande wa Chicago una Moore, Darnell Wright aliyepatikana baada ya zamu ya 9 kubadilishwa na ya 10, Tyrique Stevenson ambaye zamu ya 61 ilisaidia kumnunua, Williams na Burden. Upande wa Carolina una jina moja, Bryce Young, kwotabeki waliyemchagua kwa zamu ile ya kwanza.