Vituo vidogo vya treni Japani: yanayosemwa na yalivyo

Karibu nusu ya vituo vya treni vya Japani havina mfanyakazi hata mmoja. Wenyewe huviita mujineki. Utakuta jukwaa fupi, kibanda chenye benchi na ratiba iliyobandikwa ukutani, basi. Mgeni huona mahali palipotelekezwa, ilhali kazi zote za kituo bado zinafanyika: nyingine kabebeshwa dereva, nyingine abiria.

“Hakuna geti wala mkaguzi, kwa hiyo safari ni bure.”

Nauli inalipwa ndani ya treni. Njia hizi nyingi huendeshwa kwa mtindo wa wanman, yaani dereva ndiye konda pia. Kwa kawaida unapandia mlango wa nyuma wa behewa la mbele na kuvuta kikaratasi chenye namba kwenye kimashine kilicho mlangoni. Namba hiyo ndiyo ushahidi wa mahali ulipopandia. Mbele, juu ya kiti cha dereva, kuna ubao unaoonyesha nauli ya kila namba, nayo huongezeka kadiri treni inavyokwenda. Ukikaribia kushuka, soma nauli ya namba yako, tumbukiza kikaratasi pamoja na pesa kwenye sanduku lililo kando ya dereva, kisha ushukie mlango wa mbele.

Wageni wengi hukwamia kwenye chenji. Masanduku mengi hayarudishi chenji, ila yana sehemu ya kuvunjia pesa, ambayo hupokea sarafu na noti ya yeni 1,000. Noti za 5,000 na 10,000 mara nyingi hazipiti. Ukisubiri mpaka kituoni ndipo uanze kupekua mkoba, treni nzima inakusubiri wewe. Kwa hiyo vunja pesa mapema, treni ikiwa imesimama kituo cha nyuma. Aliyepoteza kikaratasi anaweza kutozwa kuanzia kituo treni ilikoanzia. Anayekwepa kwa makusudi, sheria ya reli inaruhusu atozwe nauli pamoja na nyongeza ya hadi mara mbili ya nauli hiyo.

“Treni ikisimama, milango yote hufunguka.”

Treni ya mabehewa mawili ikifika kituo kisicho na mhudumu, mara nyingi hufunguliwa behewa la mbele peke yake, maana dereva hawezi kupokea nauli za milango minne. Aliyekaa nyuma na mizigo yake huishia kituo kinachofuata. Tena sehemu za baridi mlango haufunguki mpaka ubonyeze kitufe, na ukishaingia unabonyeza cha kufunga ili joto lisitoke.

“Kadi ya Tokyo inatumika popote.”

Kadi za kulipia nauli kwa kugusisha, kama Suica ya Tokyo, zinakubalika miji mingi, lakini njia nyingi za vijijini hazina kifaa cha kuzisoma, na hata penye kifaa huenda safari inayovuka kutoka eneo la kadi moja kwenda la nyingine isikubalike. Ukigusisha kadi mjini kisha ukashuka kijijini, utalipa taslimu na kadi itabaki imefungwa. Omba karatasi ya uthibitisho kwa dereva, uipeleke pamoja na kadi kwenye kituo chenye wafanyakazi.

“Treni imesimama dakika kumi, imeharibika.”

Huenda inapishana tu. Njia ni ya reli moja, na kituo kile kidogo ndipo reli inapogawanyika kuwa mbili. Lazima inayotoka upande wa pili ifike kwanza.

“Kuna kituo kilichoachwa wazi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja.”

Habari hii ilizunguka dunia Januari 2016, na bado inarudi kila mwaka. Nyingi zilitaja Kami-Shirataki, huko Hokkaido. Kituo alichokuwa akitumia msichana yule ni Kyu-Shirataki. Vyote viwili, pamoja na Shimo-Shirataki, vilifungwa 26 Machi 2016 kwa sababu ya uchache wa abiria. Siku hiyo ratiba mpya ilianza kutumika, kama JR, kampuni kubwa za reli za Japani, wafanyavyo kila Machi. Na mwaka wa shule Japani nao huisha Machi. Watu wakaunganisha mambo mawili. Treni yenyewe ilikuwa ya abiria wote wa njia ya Sekihoku.

“Paka ndiye anayeendesha kituo cha Kishi.”

Kishi, mkoani Wakayama, kilibaki bila wafanyakazi mwaka 2006, njia ilipochukuliwa na kampuni mpya. Paka Tama akapewa cheo cha mkuu wa kituo Januari 2007 ili kuvuta wageni, na wageni wakaja kweli. Tiketi hakuwahi kukata.

“Kituo kidogo, ukifika dakika mbili kabla ya treni inatosha.”

Usijaribu Doai, mkoani Gunma. Jukwaa la treni ziendazo Niigata liko ndani ya handaki lililofunguliwa 1967, na kati yake na lango la kituo kuna ngazi 486. Tenga dakika kumi, na uvae koti hata kiangazi kwa maana handakini kuna baridi. Lifti hakuna, kando ya ngazi iliachwa nafasi ya kuweka ngazi za umeme, na mpaka leo haijawekwa kitu.